Uzi: Kusoma mitetemo ya mota kwa muda na masafa, hasa mota zinazoendeshwa na inverta

KoiliTatu #1

Wakuu, mota ikikaa kwenye kasi moja, FFT ya kawaida (hesabu inayogawa wimbi katika masafa yake) inamaliza kazi nyingi. Shida inaanza inverta, kifaa kinachobadili masafa ya umeme wa mota, ikishaingia. Kasi inapanda na kushuka ndani ya rekodi moja, kilele kilichokuwa chembamba kinatandazika kuwa kilima, na hapo watu wanaanza kutaja hitilafu kwa kubahatisha. Uzi huu ni wa kuchora mtetemo kwa muda na masafa kwa pamoja (spektrogramu), na zaidi ni wa kuusoma mchoro huo, maana kuuchora siku hizi ni mistari mitatu ya Python.

Tushike mashine moja ya mfano ili namba zisituchanganye: mota ya induksheni ya 1.5 kW, poli 4, fremu 90, beringi 6205, kibandiko kinasema 50 Hz na mizunguko 1425 kwa dakika. Kwa mzigo kamili shafti iko 23.75 Hz, uga wa sumaku 25 Hz, mtelezo (shafti kubaki nyuma ya uga) asilimia 5.

Kabla hujagusa programu, amua kwanza: unachokitafuta kinafuata nini?

Kuna vinavyofuata mzunguko wa shafti. Hivi havihesabiwi kwa Hz bali kwa oda, yaani mara ngapi kwa kila mzunguko. Rota isiyobalansi ni oda 1. Shafti zisizolingana kwenye kapulingi ni oda 1 na 2, mara nyingine 3. Pinioni ya meno 23 ni oda 23. Beringi zinatoa oda zenye desimali: 6205 yenye mipira 9 ya milimita 7.94 kwenye duara la milimita 39.04 inatoa 3.585 kwa njia ya nje, 5.415 kwa njia ya ndani, 0.398 kwa keji, na 4.714 kwa mpira wenyewe, kwa sababu mpira wenye kidonda unagonga njia zote mbili kila unapojizungusha mara moja. Mtengenezaji mwingine anaweza kuweka mpira wa kipimo tofauti kidogo, kwa hiyo chukua takwimu za beringi iliyofungwa humo, si ya katalogi yoyote.

Kuna vinavyofuata masafa ya umeme, tuyaite f. Mvuto wa sumaku kati ya stata na rota unatetemesha kwa 2f. Hamoniki za inverta zinaleta mawimbi ya torki kwa 6f na 12f. Kwenye mota ya sumaku za kudumu yenye jozi 5 za poli, 6f ni oda 30 kamili, kwa sababu mota hiyo haina mtelezo. Kwenye induksheni f na shafti haviendi sambamba, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotusaidia kuvitenganisha.

Halafu kuna visivyofuata chochote: resonansi ya fremu, ya besi, ya bomba lililofungwa karibu, na masafa ya kuchapa ya inverta (kasi ya kuwasha na kuzima swichi zake), kwa kawaida kati ya 2 na 16 kHz.

Sasa pandisha mota kutoka sifuri hadi 50 Hz huku unarekodi, kisha chora. Oda zote zinatoka sifuri na kupanda kwa mshazari, kila moja na mwinuko wake. Resonansi ni mstari wa ulalo usiosogea, unaowaka pale tu oda fulani inapoukata. Masafa ya kuchapa nayo ni mstari wa ulalo, lakini yana mabawa pande mbili yanayofunguka kadiri f inavyoongezeka. Na ukiona mstari unapanda, unagonga dari ya mchoro, kisha unarudi chini, hiyo si mashine. Hayo ni masafa bandia ya kusampuli vibaya. Mtu anayeweza kutaja aina hizi kwa jicho ameshamaliza nusu ya kazi.

Sampuli25k #2

Mkuu uzi mzuri, nami niongezee upande wa sensa kwa sababu mchoro mbovu mara nyingi unaanzia huko.

Kwa beringi unahitaji kufika angalau 8 hadi 10 kHz. Sampuli 25,600 kwa sekunde zinakupa 10 kHz zinazoaminika, kwa ile kanuni ya kugawa kwa 2.56, ikiwa kadi ya kurekodi ina chujio la kuzuia masafa bandia KABLA ya kubadili kuwa dijitali. Chujio la programu baada ya hapo halisaidii kitu. Sekunde 20 za chaneli moja kwa baiti 4 ni takriban megabaiti 2, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania urefu wa rekodi.

Akselerometa ya IEPE (yenye amplifaya ndani, inayolishwa kwa kebo ile ile) ya 100 mV kwa g inatosha mota nyingi. Ifunge kwa skrubu kwenye sehemu bapa karibu na beringi. Sumaku bapa juu ya chuma kisafi inaweza kufika kilohezi kadhaa. Sumaku ya miguu miwili juu ya bodi ya mviringo ihesabu inaishia karibu na 2 kHz. Fimbo ya kushikilia kwa mkono hata 1 kHz ni ya mashaka. Usiweke kwenye kava la feni wala kwenye mapezi ya kupoozea, utapima mapezi.

Chipu ya MPU6050 wanayoitumia wengi kwa majaribio ina upana wa 260 Hz tu upande wa mchapuko. Inaona kutobalansi, haioni beringi. ADXL345 inafika sampuli 3,200 kwa sekunde, yaani 1.6 kHz. Ukitaka MEMS (sensa ya chipu) ya maana kwa kazi hii tafuta ya analogi kama ADXL1002, inayofika 11 kHz. Resonansi yake yenyewe iko 21 kHz, usije ukaikuta ukadhani ni ya mashine.

Kelele za inverta: tumia sensa ambayo bodi yake imetengwa na umeme wa mashine, shildi ya kebo ipate erthi upande mmoja tu, na kebo isitembee sambamba na waya za mota. Ukishaunganisha, gonga bodi taratibu kwa bisibisi na uangalie wimbi, halafu washa inverta mota ikiwa imesimama lakini imewezeshwa. Chochote kinachoonekana hapo hakitokani na mzunguko.

Ukiwasha sensa ya IEPE subiri sekunde 10 hivi itulie. Rekodi ikianza mapema utaona mlima mkubwa karibu na 0 Hz, na ukiugeuza mchapuko kuwa kasi kwa kugawa na 2πf mlima huo unameza kila kitu. Weka chujio la kukata chini ya 5 au 10 Hz.

Mtelezo5 #3

Shukrani wakuu. Swali langu ni dirisha, yaani kipande cha rekodi kinachoingia kwenye kila FFT. Kila programu inakuja na 1024 au 256 na inaonekana watu wanaacha hivyo hivyo. Unachaguaje urefu wake mota ikiwa inapanda kasi?

KoiliTatu #4

Mkuu Mtelezo5, hapo ndipo penye utamu. Kwa sampuli 25,600, dirisha la 1024 ni milisekunde 40, na mistari ya masafa inaachana kwa 25 Hz. Kwa mota yetu hiyo ina maana oda 1 na oda 2 zinakaribia kuwa doa moja. Halafu mtu anasema spektrogramu haifai.

Ukirefusha dirisha unapata masafa makali lakini unapoteza muda, na ukilifupisha unapata kinyume. Gabor aliliweka wazi hili mwaka 1946: zao la upana wa muda na upana wa masafa halishuki chini ya 1/(4π). Hakuna programu ya kununua inayokwepa hilo.

Kwa kitu kinachopanda kwa α Hz kila sekunde, ndani ya dirisha la sekunde T masafa yanasogea αT, na ukali wa dirisha lenyewe ni karibu 1/T. Linganisha viwili hivyo, unapata T sawa na 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha α. Mota yetu ikipanda hadi 50 Hz kwa sekunde 10, shafti inapanda 2.5 Hz kila sekunde. Oda 1 inataka dirisha la sekunde 0.63. Lakini oda 40 inapanda 100 Hz kwa sekunde, inataka sekunde 0.1. Dirisha moja haliwezi kuzitendea haki zote mbili! Na kwa sekunde 0.1 dirisha la Hann (linalofifia kwenye ncha zake) lina upana wa karibu 14 Hz, kwa hiyo shafti ikiwa bado iko 10 Hz oda zote zimeungana.

Njia rahisi kuliko zote, ambayo watu wanaisahau: refusha muda wa kupanda kwenye inverta. Sekunde 10 ziwe 100, α inagawika kwa 10, dirisha linaweza kurefuka mara 3.2. Ni parameta moja tu.

Mengine kwa haraka: Hann, madirisha yapandiane asilimia 75, rangi kwa desibeli, na kikomo cha 60 dB chini ya kilele. Usisome mm/s kutoka kwenye spektrogramu ya mota inayopanda. Nishati imetandazwa na kilele kinasoma kidogo kuliko ukweli. Ukihitaji kulinganisha na kiwango cha mtetemo cha ISO 20816-3, tulia kwenye kasi moja upime RMS ya 10 hadi 1000 Hz. Na kiwango hicho ni cha mashine za zaidi ya 15 kW, msikitumie kuhukumu kamota ka 1.5 kW.

Bi_Rota #5

Nilijua mtu atauliza kuhusu weveleti (kupima kwa vipande vifupi vya wimbi badala ya dirisha moja), ngoja niwahi.

Weveleti ya Morlet inabadili dirisha yenyewe: refu kwa masafa ya chini, fupi kwa masafa ya juu. Inavutia, na kwa kugonga kwa ghafla ni nzuri kweli: jino lililovunjika, breki inayoshika, mkanda unaopiga kava. Utaona saa kamili ya kila pigo. Lakini kwa oda nyingi ni chombo kibovu. Ukitumia ile Morlet ya kawaida yenye ω0 (inayoamua idadi ya mawimbi ndani yake) ya 6, upana wake ni karibu asilimia 17 ya masafa yenyewe. Oda 5 na oda 6 zinatofautiana kwa asilimia 18. Maana yake kuanzia hapo kwenda juu oda zote ni wingu moja. Unaweza kuongeza ω0 hadi 30 au 40, ila hapo unakuwa umerudi kwenye dirisha refu ulilokuwa unalikimbia.

Wigner-Ville, njia nyingine ya kuchora muda na masafa, ndiyo ya kuogopa zaidi. Mchoro wake ni mkali sana, lakini kati ya kila vitu viwili inapanda kivuli katikati. Oda 1 na oda 3 zikiwapo kweli, utaona kitu kwenye oda 2, na fundi ataenda kupanga upya kapulingi ambayo haina tatizo. Toleo lililolainishwa linapunguza vivuli, na linapunguza ukali ule ule uliokuvutia.

Synchrosqueezing ya mwaka 2011 inakusanya nishati kwenye mstari mwembamba. Inapendeza kwa kufuatilia mstari mmoja. Ila haiongezi uwezo wa kutenganisha; vitu viwili vikiwa ndani ya upana mmoja wa dirisha, itachora mstari mmoja unaoyumba, na huo mstari si wa kitu chochote kilichopo. EMD (kugawa wimbi katika tabaka) sitaigusa. Inachanganya vitu tofauti kwenye tabaka moja na matokeo yanageuka ukibadili kelele kidogo.

Kwa wanaotumia SciPy: `cwt` iliondolewa kwenye toleo la 1.15, hamieni PyWavelets. Na kwa spektrogramu tumieni `ShortTimeFFT`, iliyopo tangu 1.12.

MenoYaGia #6

Wote mmezunguka, sasa tufike kwenye dawa. Ikiwa unachotafuta kinafuata shafti, usikiangalie kwa muda kabisa. Sampuli upya kwa pembe. Badala ya sampuli kila mikrosekunde kadhaa, unakuwa na sampuli kila nyuzi kadhaa za mzunguko. Hapo oda 23 inabaki oda 23 hata shafti ikipanda mara tano, na FFT ya kawaida inarudi kufanya kazi.

Unahitaji pulsi za shafti. Takometa ya laza na kipande kimoja cha tepu inayoakisi kinatosha kwa mota isiyobadili kasi ghafla. `x` ni mtetemo, `fs` ni sampuli kwa sekunde, `tp` ni nyakati za pulsi kwa sekunde, `ppr` ni pulsi kwa mzunguko:

```
import numpy as np
from scipy.interpolate import CubicSpline

t = np.arange(len(x)) / fs
mizunguko = np.arange(len(tp)) / ppr
n = 4096                      # sampuli kwa mzunguko
pembe = np.arange(0, mizunguko[-1], 1/n)
t_mpya = CubicSpline(mizunguko, tp)(pembe)
x_pembe = CubicSpline(t, x)(t_mpya)
```

Hiyo n ya 4096 si ya mapambo. Wengi wanaweka 256 kwa sababu wanataka kufika oda 128 tu. Sasa fikiria shafti iko 5 Hz mwanzoni mwa rekodi: sampuli 256 kwa mzunguko ni 1280 kwa sekunde, na kila kilichopo juu ya 640 Hz, ikiwemo kelele ya inverta, kinajikunja na kuangukia ndani ya oda zako. Kanuni: n isipungue fs gawa kwa kasi ndogo kabisa ya shafti kwa Hz. Kwa 25,600 na 5 Hz ni 5120. Kwa 4096 anza rekodi shafti ikishafika 6.25 Hz. Baada ya hapo ndipo unachuja na kupunguza sampuli, ukiwa tayari kwenye pembe.

Ukali wa oda ni 1 gawa kwa idadi ya mizunguko kwenye dirisha. Mizunguko 50 inakupa oda 0.02.

Tepu ya pundamilia kuzunguka shafti ina mtego wake: ncha mbili zinapokutana mistari hailingani, na kosa hilo linajirudia kila mzunguko. Linaingia kwenye kasi, kisha kwenye oda zote kama bendi za pembeni (vilele vidogo kando ya kila oda) zilizoachana kwa oda 1. Rekebisha nafasi ya kila mstari kwa wastani wa mizunguko mingi mota ikiwa imetulia, au acha, tumia pulsi moja.

Nyuzi360 #7

Na kama mashine haina pa kuweka takometa? Pampu imefunikwa pande zote, kapulingi haionekani.

MenoYaGia #8

Inategemea mota, mkuu. Ya sumaku za kudumu: masafa ya umeme gawa kwa jozi za poli, hiyo ndiyo kasi kamili, unaipata kwa kibano cha mkondo kwenye fezi moja. Ya induksheni: usitumie f ya kwenye skrini ya inverta, utakuwa nje kwa mtelezo wote. Asilimia 5 ya oda 23 ni zaidi ya oda moja nzima! Tumia kasi inayokadiriwa na inverta ikiwa ina hali ya vekta, kisha irekebishe kwa mtetemo wenyewe: tafuta oda yenye nguvu inayoonekana mwanzo hadi mwisho, ifuate kwenye spektrogramu, ichuje kwa bendi inayosogea nayo, chukua fezi yake (pembe ya wimbi) kwa badiliko la Hilbert, gawa kwa namba ya oda. Hiyo ndiyo pembe ya shafti. Mstari unaoufuata usiwe unakatwa na resonansi kali, kwa sababu fezi inageuka nyuzi 180 kuivuka na utaona shafti imeyumba wakati haijayumba.

Bi_Rota #9

Naona hakuna aliyegusa beringi sawasawa, na hapa mpangilio wa hatua ndio kila kitu.

Beringi inapogonga kidonda, pigo linaamsha resonansi ya nyumba ya beringi, tuseme 3 hadi 6 kHz. Resonansi haifuati kasi. Marudio ya mapigo yanafuata kasi. Kwa hiyo: chuja kwanza kwa MUDA kuzunguka resonansi, chukua envelopu (mstari wa nje wa wimbi) kwa Hilbert, iweke kipeo cha pili, kisha ndipo usampuli envelopu kwa PEMBE, halafu FFT. Ukisampuli kwa pembe kwanza, resonansi inatandazika na chujio halina cha kushika. Kosa hili nimeliona hata kwenye programu zilizochapishwa.

Kidonda cha njia ya nje kwenye 6205 kitakaa oda 3.585 na mara zake: 7.17, 10.755. Cha njia ya ndani kitakuwa 5.415 na bendi za pembeni kwa oda 1, kwa sababu kidonda kinaingia na kutoka kwenye mzigo kila mzunguko. Mipira inateleza kidogo, hivyo kilele halisi kinaweza kuwa nje ya hesabu kwa asilimia 1 au 2. Ndiyo maana kutafuta ukali zaidi ya mizunguko 50 hadi 100 ni kujichosha.

Bendi ya kuchuja: kurtogramu ya Antoni (hesabu inayotafuta bendi yenye mapigo makali) inaichagua yenyewe, lakini inavutiwa na chochote chenye miiba, na inverta ina miiba ya kutosha. Jaribio la dakika mbili: badili masafa ya kuchapa kutoka 4 kHz hadi 5 kHz, rekodi tena. Bendi ikihama pamoja nayo, ulikuwa unasikiliza umeme. Ikibaki pale pale, ni chuma.

Kwa kujifunza bila mashine, kuna rekodi za Case Western Reserve University zilizo wazi kwa umma, mota ya hp 2 yenye 6205 upande wa shafti, vidonda vya inchi 0.007 na kuendelea, sampuli 12,000 na 48,000. Kasi zake zimetulia, kwa hiyo hazitakufundisha oda, ila envelopu utaishika vizuri.

Sampuli25k #10

Kuongezea hapo kwa Bi Rota: kwenye mota za inverta angalia pia mkondo unaopita kwenye beringi. Ukianza kuona mara nyingi za oda 3.585 zimejaa kama kilima kati ya 1.5 na 3 kHz, fungua: njia za beringi zitakuwa na mistari kama bati la migongo. Kubadili beringi peke yake ni kununua miezi michache. Weka brashi ya erthi kwenye shafti, beringi iliyotengwa upande usioendesha au ya mipira ya kauri, na kebo yenye shildi iliyofungwa duara zima pande zote mbili. Hapa ni kebo ya mota, si ya sensa. Ya sensa ni upande mmoja.

Mtelezo5 #11

Swali la mwisho kwangu. Kwenye mota ya poli 4, 2f na oda 4 zinakaribiana mno. Nina mstari hapo na sijui niilaumu stata au kapulingi yenye taya 4.

KoiliTatu #12

Kwa mzigo kamili 2f ni 100 Hz na oda 4 ni 95 Hz, tofauti ni 5 Hz, ambayo ndiyo tofauti ya uga na shafti (1.25 Hz) mara idadi ya poli. Hapo ni rahisi. Mota ikiwa tupu kwa mizunguko 1490, oda 4 ni 99.33 na tofauti imebaki 0.67 Hz, unahitaji dirisha la sekunde 3 au zaidi, na kasi iwe imetulia wakati wote huo. Mzigo ukicheza, hutatenganisha kamwe. Kwa hiyo mpe mota mzigo.

Njia ya pili ni kukata umeme. Rekodi, kisha simamisha, na uhakikishe inverta imewekwa kuachia shafti izunguke yenyewe, si kuishusha kwa mteremko, la sivyo bado inalisha. Chora kwa dirisha la sekunde 0.2. Kinachotoka kwenye sumaku kinazimika hapo hapo, kikiacha mkia mfupi kwa sababu uga wa rota unachukua sehemu ya sekunde kufa. Cha kimitambo kinashuka polepole pamoja na kasi. Kwenye mota ya sumaku za kudumu jaribio hili ni nusu tu: sumaku hazizimwi, hivyo mvuto wa meno ya stata unabaki. Stata ya nafasi 12 na poli 10 itaendelea kutoa oda 60 hadi shafti isimame.

Bi_Rota #13

Na kama shaka ni fito za rota zilizokatika, hamia kwenye mkondo. Bendi za pembeni ziko f(1±2s), s ikiwa mtelezo: kwa mtelezo wa asilimia 5 ni 45 na 55 Hz. Mota ikiwa tupu, zinajificha chini ya 50 na huoni kitu. Lakini mota ikiwashwa moja kwa moja kwenye laini, bila inverta, ile ya chini inaanza 50 Hz wakati mtelezo ni 1, inashuka hadi sifuri mtelezo ukifika nusu, kisha inapanda tena. Kwenye mchoro ni V iliyo wazi, hata mzigo ukiwa mdogo, mradi kuwaka kuchukue angalau sekunde moja hivi. Kwa sampuli 5,000, tabaka la 6 la weveleti linabeba 0 hadi 39 Hz na V inakaa humo bila kusumbuliwa na 50 yenyewe. Hapa ndipo weveleti inapolipa.

Kwa inverta sahau V. Mtelezo unabaki mdogo muda wote. Na kidhibiti cha mkondo kikiwa na kasi, kinazifuta bendi hizo kwenye mkondo na kuzisukumia kwenye volti. Angalia vyote viwili.

Nyuzi360 #14

Wakuu, mstari wa ulalo kwenye 90 Hz, mota hii hii ya poli 4 kwenye fremu ya chuma. Unawaka karibu na mwisho wa kupanda. Nirekebishe fremu au niruke masafa kwenye inverta?

KoiliTatu #15

Kwanza jua nani anauamsha. Chora tena, safari hii mhimili wa chini uwe f ya inverta badala ya muda. Kwa mzigo kamili, 2f inafika 90 Hz inverta ikiwa 45 Hz. Oda 4 inafika 90 Hz shafti ikiwa 22.5, na hapo inverta iko karibu 47.5 Hz, kwa kuwa mtelezo unaongeza 2.5. Ukiwaka 45 ni sumaku, ukiwaka 47.5 ni kapulingi.

Ila ukipanda haraka, resonansi inachelewa kujibu: kilele kinasogea mbele na kinakuwa kifupi, na tofauti ya 2.5 Hz inaweza kupotea humo. Kwa fremu yenye ufifishaji wa asilimia 1, upana wa resonansi ni 1.8 Hz. Mraba wake ni karibu 3.2, na mwendo wa mstari unaoivuka uwe kama sehemu ya kumi ya hapo, 0.32 Hz kwa sekunde. Kwa oda 4 hiyo ni shafti 0.08 Hz kwa sekunde. Usipandishe kutoka sifuri kwa mwendo huo. Fika 40 Hz kawaida, kisha pandisha 40 hadi 50 kwa sekunde 65 hivi, halafu shusha kwa mwendo ule ule. Kilele cha kupanda na cha kushuka vikikutana mahali pamoja, mwendo ulikuwa wa kutosha.

Kuruka masafa kwenye inverta kunazuia kutulia hapo tu, bado utapita. Kama mashine haihitaji kufanya kazi kati ya 44 na 49 Hz, weka katikati 46.5 na upana wa 5. Baadhi ya inverta zinahesabu upana kila upande, soma mwongozo kabla hujaruka mara mbili ya ulichokusudia. Kama inahitaji kasi hiyo, kaza boliti za besi kwanza na upime mguu usiokaa bapa kwa kulegeza boliti moja moja huku saa ya kupimia ikiwa juu ya mguu. Ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, jaza shimu, kisha rudia mchoro kabla hujafikiria kuongeza chuma kwenye fremu, kwa sababu 90 Hz inaweza kuwa imehama yenyewe.